Sauti ya Kuongozea

9 Februari

Chiriku mwanangu,

Nimefika salama. Baba yako alikuja kunipokea stendi na toroli, utadhani narudi na nyumba nzima, kumbe nina begi moja na mfuko wa dawa. Alipoona jicho langu bado lina bandeji akanishika mkono kama anamvusha kipofu. Nikamwambia, kaka, kilichofungwa ni jicho, miguu iko wazi. Akaniachia, akanuna mpaka nyumbani.

Wote hapa wazima. Goti la baba yako linamsumbua lakini ukimuuliza anasema ni viatu. Wifi yangu, yaani mama yako, ameanza kufuga kuku na tayari amegombana nao. Anasema wana dharau. Mimi nimerudi kwenye cherehani yangu. Shule zimefunguliwa na wazazi wote wamegundua siku moja kwamba watoto wao wamerefuka, kwa hiyo sare zimenijaa mpaka kitandani.

Nakuandikia, sikupigii, na wewe usinipigie. Nakujua. Kwenye simu ukibanwa kidogo tu, mtandao unakuwa mbovu, mara betri imekwisha, mara bosi anakuita. Barua zako mpe karani wa mizigo pale stendi, atazileta na basi.

Sasa swali. Nilikuja huko kutibiwa jicho. Ukaniambia, Shangazi, usikae nyumbani peke yako, twende kazini kwangu ukaone wasanii. Nikaenda kuona wasanii, nikajikuta nimefungiwa kwenye chumba chenye kuta za sponji, jicho moja limezibwa, hedifoni masikioni, eti mwimbaji wenu ana mafua, na bila sauti ya kuongozea yule binti mwigizaji hataweza kupigwa picha kesho yake. Ukanieleza kwamba ni ya kuongozea tu: ataisikiliza, ataufuatisha wimbo kwa midomo mbele ya kamera, halafu baadaye ataimba mwenyewe na yangu mtaifuta. Je, mmeifuta?

Unajua siimbi tena. Siku ile niliimba kwa sababu nilikuona unavyohangaika, jasho linakutoka kama umebeba gunia. Na kwa sababu ni ya kufutwa.

Kula vizuri. Umekonda, na usiniambie ni mtindo.

Shangazi yako


3 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Tena nakupa shikamoo nyingi, moja ya leo na zilizobaki za siku zote nilizochelewa kujibu. Nimefurahi kusikia baba amenuna, maana yake ni mzima. Mwambie mama asiwanyime kuku mahindi kwa sababu ya hasira. Jicho je? Unaweka dawa kama daktari alivyosema, au unaweka ukikumbuka?

Hapa kazi imetushika shingoni. Kampuni unaifahamu sasa: chini kabisa ni studio ya muziki ulipoimba wewe, ghorofa ya kwanza ndiyo sisi tunaosimamia wasanii, na juu kabisa ni wale wanaokata na kuunga picha, watu wasiotoka nje mpaka wamekuwa na rangi ya karatasi. Uani tumejenga sebule ya tamthilia, ina makochi, pazia na saa ya ukutani, lakini ukifungua mlango wa jikoni unakutana na pipa la maji. Juzi mgeni aliomba kwenda msalani, akafungua mlango wa sebule ile, akarudi kutuuliza choo kimeenda wapi. Tulicheka hatuna mbavu.

Bosi wetu, yule tunayemwita Sawasawa, hajambo. Unamwambia gari la vyombo limepinduka, anasema sawasawa. Unamwambia msanii amekimbia, sawasawa. Hatujui kama ni utulivu au hasikilizi.

Tabasamu, yule binti mwigizaji, anakusalimu sana. Yuko chini yangu, mimi ndiye ninayempangia kila kitu, na kwa kweli ninampenda kama mdogo wangu. Tamthilia imeanza kuonyeshwa, Ijumaa jioni. Watu wameipokea vizuri kupita kiasi.

Kuhusu wimbo, mambo yanakwenda vizuri. Fundi sauti anakusalimu, anasema hajasahau ulivyomwambia akae wima. Nilitaka kuandika zaidi, ila Bosi ananiita.

Wako,
Chiriku


16 Machi

Chiriku,

Marahaba, zote.

Nimeishi miaka mingi, na hii ni mara yangu ya kwanza kuona mtu ameitwa na bosi katikati ya barua.

Jicho limepona. Bandeji imetoka, naona vizuri, naona hata nisivyotaka kuviona, kwa mfano rangi aliyopaka baba yako ukutani. Anasema ni ya krimu. Ni ya usaha, lakini nimenyamaza, ni nyumba yake. Mama yako anakusalimu na anauliza kama umepata mchumba. Nimemwambia nitauliza, basi nimeuliza.

Ijumaa mama jirani alikuja kutazama televisheni hapa kwetu, yake imeungua. Nilikuwa napindia sketi, sikuwa natazama sana. Yule binti yenu akawa amesimama dirishani, anamngoja mume wake aliyepotea, muziki ukaanza. Akafungua mdomo.

Nilijichoma sindano mpaka damu ikatoka.

Mama jirani alikuwa analia. Analia kweli, anajifuta na kitambaa cha kichwani, anasema huyu mtoto ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Mama yako alikuwa anawafungia kuku, hakusikia. Baba yako alinitazama. Huyo ni ndugu yangu wa tumbo moja, Chiriku, amelala chumba kimoja na sauti hii tangu tukiwa watoto. Alinitazama mpaka wimbo ukaisha, kisha akainuka kwenda kuchemsha chai, yeye ambaye hajawahi kuchemsha chai.

Sasa nakuuliza wewe: una neno la kunieleza? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi nimekulea.

Shangazi yako


8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nilipewa zamani. Sikukosa nafasi ya kujibu, nilikosa uso.

Natumaini wote hawajambo. Mchumba hakuna, mwambie mama aache.

Ni sauti yako. Nilijua tangu Ijumaa ya kwanza. Nilikuwa nyumbani kwangu na kikombe cha chai, na ulipoanza kuimba chai ikapita njia isiyo yake, nikakohoa mpaka jirani akagonga ukuta.

Ilikuwa hivi. Fundi sauti wetu anahifadhi kila wimbo kwa jina la mtu anayeandaliwa wimbo huo, siyo kwa jina la aliyeuimba. Ndiyo kawaida yake, na haijawahi kumletea shida, kwa sababu sauti ya kuongozea hufutwa mwenye wimbo akishaimba. Kwa hiyo yako aliihifadhi kwa jina la Tabasamu. Tabasamu alikuwa aje kuimba yake baada ya kumaliza kupigwa picha. Lakini kituo cha televisheni kikaitaka sehemu ya kwanza mapema. Mhariri wa picha, kule juu, akatafuta sauti ya Tabasamu, akakuta moja tu, akaiunga, akaituma. Wala hakuwa na kosa. Kwake ile ilikuwa sauti ya Tabasamu, jina lilikuwa pale.

Jumatatu simu zililia ofisi nzima. Redio zinauomba wimbo, watu wanataka kujua huyu binti alikuwa amejificha wapi. Bosi akatuita, fundi sauti, mhariri na mimi. Tukamweleza. Akauliza, "Aliyeimba ni nani?" Nikasema shangazi yangu. "Ni msanii?" Nikasema anashona sare za shule. Akasema, "Basi sawasawa. Hana jina, hana cha kupoteza. Kila mtu afunge mdomo wake."

Nikafunga, Shangazi. Roho iliniuma, lakini nikafunga.

Anayeteseka zaidi ni Tabasamu. Huyu binti kwenye kuigiza ni moto, ukimwambia lia, machozi yanatoka kabla hujamaliza kusema. Ila akiambiwa aimbe, shingo inakakamaa kama ya mtu aliyelalia mto vibaya. Alikuwa anataka kujifunza polepole. Sasa kila siku anaalikwa mahali. Anakuja mezani kwangu, anafunga mlango, ananiambia, "Dada, leo watanipa maiki. Nitafanyaje?" Nawaambia ana mafua. Mafua yake yana mwezi mzima sasa, kuna shabiki ametuma asali.

Naogopa. Nikisema, namwaga unga wangu na wa yule binti pia. Nisiposema, ninakula kwa koo la shangazi yangu. Sijui nifanye nini, na nimechoka kujifanya ninajua.

Wako,
Chiriku


17 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Baba yako mzima, mama yako mzima, kuku wazima. Salamu zimekwisha.

Nimekasirika! Nimekasirika hivi kwamba leo nimeshona mkono wa shati kwenye shingo, nikafumua, nikaushona tena palepale. Unafikiri nimekasirika kwa sababu mmechukua sauti yangu bila kuniambia. Hilo lipo, tutalizungumza, nitakuvuta masikio. Lakini kinachonitoa usingizini ni kingine.

Wewe umewahi kunisikia nikiimba kweli? Hujawahi. Ulikuwa mtoto mchanga, tulikuwa tunakulaza kwenye kasha la gitaa la marehemu mume wangu huku sisi tunafanya mazoezi, na ulikuwa unalala fofofo. Kwa hiyo hujui. Siku ile kwenu niliimba nimekaa kwenye kistuli. Nilikuwa nimetoka kula, nimeshiba ndi! Nilikuwa nasoma maneno kwa jicho moja, kwenye karatasi iliyoandikwa na mtu mwenye haraka. Ubeti wa pili nimevuta pumzi katikati ya neno kama mtu anayepanda ngazi na ndoo. Kwenye kiitikio nimeteleza, nikarudi kwa kubahatisha. Na hiyo ndiyo mliyowapelekea watu wote wenye televisheni! Mmemtoa bibi harusi na gauni la kupimia, pini zingali ndani!

Halafu mama jirani analia. Ananikera zaidi anapolia. Natamani nimwambie, ngoja kwanza, usilie hapo, hapo nimekosea.

Hana jina, hana cha kupoteza. Bosi wako kasema hivyo? Ulipokuwa hujaota meno, mimi nilikuwa nikipanda jukwaani watu wanaacha sahani zao. Lakini huo ni mdomo tu, acha nikwambie la kweli, maana sijawahi kukwambia.

Watu wanasema niliacha kuimba kwa sababu ya msiba. Baada ya msiba, wenzetu wa bendi walinifuata, na mimi nikaenda mazoezini. Nikauimba ubeti wa kwanza vizuri. Ulipokwisha nikanyamaza ili gitaa liingie, kama miaka yote. Likaingia, la mtu mwingine. Kijana mzuri tu, hakukosea hata uzi mmoja. Nikachukua mkoba wangu nikarudi nyumbani. Nilimkumbuka mume wangu siku ile, na tangu hapo kila nikitaka kuimba najua mwisho wa ubeti unanisubiri. Basi. Sikuwa na maringo kama wanavyosema wengine, wala sikuapa. Niliogopa kile kimya.

Kwenu niliimba kwa sababu hakukuwa na gitaa, mlikuwa na kinanda cha kompyuta kinacholia ti ti ti.

Sasa sikiliza. Nakuja kuuimba upya. Nitaimba asubuhi, nimesimama, kabla sijala. Maneno nitumie mapema niyajue kwa moyo. Na mwisho wa ubeti wa kwanza msiweke kitu chochote. Paacheni patupu. Urefu wake naujua mimi.

Jina langu liandikwe. Yule binti sina ugomvi naye, mwambie atulie, lakini sitaki mtu aimbe kwa koo langu halafu awe anaumwa mafua. Na bosi wako umwambie wewe, kwa mdomo wako. Mdomo huo unao, ndiyo maana nikakuita Chiriku.

Shangazi yako


5 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimesema!

Samahani, naanza na hilo, salamu zitafuata. Nilikuwa nimepanga kumwambia Bosi faraghani, nimejiandaa, nimevaa hata ile blauzi uliyonishonea. Kumbe siku hiyo tuna kikao na wageni wa kituo cha televisheni. Mkubwa wao akasema wanamtaka Tabasamu aimbe wimbo ule moja kwa moja, mbele ya watu, na bendi nyuma yake. Bosi akafungua mdomo, nikajua kinachokuja ni sawasawa. Miguu yangu ikasimama bila kuniuliza. Nikasema, "Ile sauti siyo ya Tabasamu. Ni ya shangazi yangu."

Kikao kizima kikanitolea macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Fundi sauti naye akainuka, akasema ni kweli, aliyerekodi ni yeye. Unajua Tabasamu alifanya nini? Alicheka. Alicheka kwa raha ya mtu aliyevua kiatu kinachombana, halafu akaja kunikumbatia mbele ya wageni. Akasema atawaeleza watu mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba yeye aliigiza na mwingine aliimba, na kwamba haoni aibu, aibu ilikuwa yale mafua.

Mgeni akauliza, "Huyo shangazi yuko hai?" Nikamjibu yu hai na ana hasira. Akasema, "Basi mleteni."

Bosi akasema sawasawa. Alisema bila kunitazama.

Kuhusu mimi usiwe na wasiwasi, kazi zipo. Maneno ya wimbo nimeyaambatanisha, nimeyaandika kwa herufi kubwa. Njoo na basi la Jumanne, nitakuwa stendi. Baba, mama na kuku wote nawasalimu.

Chiriku wako


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Najua umefika, baba amenitumia ujumbe wenye neno moja: "Kafika." Natumaini safari haikukuchosha.

Ulikaa kwangu siku zote zile na hatukuzungumza vizuri hata mara moja, kila nikitaka kusema unaniambia nikale. Sasa ngoja nikuandikie kitu usichokijua. Ulipokuwa mle ndani ya chumba cha sponji, wewe ulikuwa unasikia muziki tu. Sisi tulikuwa upande wa pili wa kioo, na fundi sauti asipobonyeza kitufe chake huwezi kutusikia. Kwa hiyo hujui kilichotokea kwetu.

Ulipoingia na kukisukuma kile kistuli ukutani kwa mguu, fundi sauti aliniambia, "Leo tumepatikana." Tabasamu alikuwa amekaa sakafuni karibu na mitambo, amekumbatia magoti. Bosi alishuka kutoka juu. Hashuki yule, studio huiona kwenye picha. Alisema amekuja dakika moja, ana mgeni.

Ukaanza. Shangazi, nilidhani nakujua. Nimekusikia ukinigombeza, ukiwaombea watu msibani, ukibishana na mama juu ya chumvi. Sikujua kwamba ndani ya yote hayo kulikuwa na sauti ile. Nywele zilinisimama. Tabasamu alianza kulia, na nikaangalia vizuri, hayakuwa ya kazi. Simu ya Bosi iliita mkononi mwake, ikaita, ikanyamaza, ikaita tena, na yeye ameishika tu kama amesahau ni ya nini.

Ubeti wa kwanza ukaisha, ukanyamaza. Tulipaacha patupu kama ulivyoagiza. Ulikuwa umefumba macho, mguu wako unapiga polepole sakafuni, na mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, nasema moyoni, Mungu wangu, asichukue mkoba. Bosi akauliza, "Mbona kimya? Mtambo umezima?" Fundi sauti, ambaye humwamkia Bosi akiwa ameinama, akamwambia, "Nyamaza, mzee."

Na Bosi akanyamaza!

Halafu ukatabasamu, macho bado umefumba, ukaingia ubeti wa pili mahali penyewe hasa, kama mtu amekushika mkono akakuvusha. Hapo nililia, siwezi kukuficha. Sijui wewe ulisikia nini mle kwenye kile kimya. Sikukuuliza, na kama hutaki kusema usiseme.

Ulipotoka ukauliza, "Imefaa, au nirudie?" na sote tukawa mabubu. Sasa unajua kwa nini.

Habari nyingine ni hii. Bosi anataka uwe msanii wa kampuni. Nyimbo zako, sauti kwenye tamthilia mbili zijazo, na kumfundisha Tabasamu. Mkataba nimeuweka humu, usome taratibu, usisaini kwa kunifurahisha mimi. Msimamizi wako atakuwa yule kijana wa ghorofa ya kwanza mwenye miwani. Ni mtu mzuri, ana heshima, atakutunza.

Mimi ni mzima. Kazi inaendelea.

Wako,
Chiriku


14 Juni

Chiriku mwanangu,

Marahaba, mama.

Nianze na Ijumaa. Nyumba ilijaa. Mama jirani alileta viti vyake na watu wa kuvikalia. Kabla kipindi hakijaanza Tabasamu akatokea, hana hata poda usoni, akawaambia watu sauti waliyokuwa wanaipenda ni ya nani, akanitaja, akasema leo mtaisikia ikiimbwa inavyotakiwa. Mama jirani aligeuka akanitazama, akatazama televisheni, akanitazama tena, akasema, "Wewe huyuhuyu uliyenikosea zipu?" Wakati wimbo unaendelea hakulia. Alikaa mdomo wazi, na hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Mama yako alipiga vigelegele mpaka mwisho, hata maneno hatukuyasikia vizuri. Baba yako alitoka nje, akasema anaenda kuangalia kuku. Kuku walikuwa wamelala muda mrefu. Nilimwacha, akarudi macho mekundu, akasema kuna vumbi.

Umeniuliza bila kuniuliza nilisikia nini kwenye kile kimya. Nilimsikia, mwanangu. Siyo mzimu, usiogope. Nilikumbuka kila uzi alioupiga, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho, na haukuuma kama nilivyokuwa nadhani utauma. Miaka yote nilikuwa nakimbia mahali ambapo yeye bado yupo. Sasa naimba nikishona, naimba nikiosha vyombo, baba yako ameanza kulalamika, na hayo malalamiko yake yananifurahisha.

Haya. Tuje kwako.

Uliponiambia ofisi yako inapakwa rangi, ndiyo maana tukae studio, nilinusa. Hakukuwa na harufu ya rangi. Nimeishi na baba yako, rangi mbichi naijua. Sikukusumbua, nilikuwa nalinda koo langu. Lakini Tabasamu ndiye aliyenisindikiza stendi, na yule mtoto akiulizwa hajui kuficha. Ameniambia kila kitu. Kwamba tangu kile kikao umenyang'anywa wasanii wako. Kwamba umepelekwa stoo ya mavazi, kule nyuma ya ile sebule ya uongo, unapiga pasi magauni ya tamthilia na kuhesabu vifungo, na kwamba ulimwapisha asiniambie. "Kuhusu mimi usiwe na wasiwasi." Kumbe! Ulisimama mbele ya wakubwa ukasema jina langu, ukalipia peke yako, halafu ukaja kunipokea stendi unacheka. Nililia ndani ya basi, Chiriku, na mimi silii kwenye vyombo vya usafiri.

Mkataba nimeusoma wote, na kwa jicho lililopona nimesoma hata yale maandishi ya chini yanayofanana na sisimizi. Ni mzuri. Nyimbo ninazo, nyingine marehemu aliniachia hazijaimbwa na mtu. Kumfundisha Tabasamu nakubali, yule shingo yake haina ugonjwa, inataka kuambiwa ukweli tu. Kusafiri nitasafiri, sare za shule atanisaidia mama jirani, kushona anajua, ana uvivu tu.

Ila pale palipoandikwa jina la yule kijana mwenye miwani nimepapiga mstari kwa kalamu nyekundu, ile ya kuchorea vitambaa. Sina neno naye. Juu yake nimeandika jina lako, lile kamili alilokupa baba yako, kwa herufi kubwa ili Bosi asiseme hakuona. Chini yake nimesaini. Akimtaka mwimbaji, amchukue na mtu wake. Asipotaka, mimi nina cherehani, sina haraka, na yule mgeni wa televisheni aliniachia namba yake ya simu nilipokuwa huko.

Mkataba huu usimtumie Bosi kwa mkono wa mtu. Mpelekee mwenyewe, mezani kwake, mlango uwe wazi watu wasikie. Mimi nalifahamu tayari neno lake atakalolitoa, na safari hii litakuwa la kweli.

Baada ya hapo weka pasi chini, mwanangu, funga stoo, panda ngazi. Msanii wako anakungoja.

Shangazi yako